Daktari, Nipe Supape ya Zamani

Tangu turudi, kila anayeingia gereji kwangu hapa Buyenzi ananiuliza kitu kimoja kabla hata hajasema gari lake linaumwa nini: "Sha Saidi, ilikuwaje huko Dar na mama?" Nimesimulia nikiwa chini ya gari, nimesimulia spana iko mdomoni, nimesimulia mpaka chai ikapoa. Basi naandika mara moja tu. Someni, halafu muniache nifunge bolti zangu. Mambo ya makaratasi na michango siyaweki humu. Waliochanga wanajijua, na Mungu anawajua zaidi.

Kwanza mujue jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa. Mama yangu, Bibi Mwajuma, alikuwa na sauti. Kutoka mlango wake mpaka gereji yangu kuna nyumba nne na kompresa moja, na chakula kikiiva alikuwa anasimama mlangoni anaita mara moja tu: "We Saidi Ramazani!" Avenue nzima inajua Saidi anaenda kula. Miaka miwili iliyopita sauti ile ikaanza kupungua. Akawa ananipigia simu na kukata, bipi moja, nijue wali uko tayari. Mwisho alikuwa hamalizi sentensi bila kupumzika katikati. Akilala chali pumzi inakata, kwa hiyo alikuwa analala amekaa, mito mitatu mgongoni.

Mi ni fundi. Injini ikinishinda, naweka turnevisi ndefu, yaani bisibisi, juu ya chuma, mpini kwenye sikio, nasikiliza. Siku moja nikaweka sikio kwenye mgongo wa mama. Nikasikia fsss, fsss, kama mpira wa hewa uliotoboka. Daktari wa hapa Bujumbura akasema ni supape ya moyo, ule mlango mkubwa ambao damu inapitia kwenda mwilini. Imekuwa ngumu kama imepigwa chokaa, imebaki tundu dogo tu. Isipobadilishwa, mama hamalizi mwaka. Kumpasua kifua hawezi kuvumilia, kwa umri wake na figo zake, lakini Dar kulikuwa na madaktari wageni wanakuja kwa siku chache, wanaanza Jumatatu, na hao wanabadilisha supape kwa kupitia mguuni.

Hapo kwenye mguu mi sikuelewa kitu. Niliitikia kwa kichwa kama mutu mwenye akili. Nani amewahi kubadilisha supape bila kufungua injini? Nikajisemea, hayo ni maneno ya madaktari ya kututuliza, kifua watafungua tu.

Bujumbura mpaka Kobero

Ndege mama aliikataa. "Pumzi ikinikata huko juu," aliniambia, "watasimama wapi?" Ijumaa alfajiri tukapanda basi.

Mnajua mlima wa Bugarama. Basi lilipanda kwa gia ya kwanza, linalia, na mama pembeni yangu analia vilevile, midomo imegeuka rangi ya majivu. Mi masikio yangu hayakujua yasikilize injini gani. Nilishika mkono wake, nikaona kucha nazo zinabadilika. Wallahi niliogopa mpaka nikasahau kusoma hata dua niliyofundishwa utotoni.

Kiti cha mbele yetu aliketi Maman Furaha, Mkongomani wa Uvira anayekaa Kinama, anaenda Kariakoo kuchukua vitenge. Hatujuani. Aligeuka, akamtazama mama mara moja, akasimama, akaniondoa kwenye kiti changu kama mutu anayeondoa kuku. "Kaka, pisha. Mama, egama kwangu. Usiongee. Pumua tu, mi nitaongea kwa ajili yetu wote wawili." Na kweli aliongea mpaka Muyinga, akamwombea kwa jina la Yesu barabara nzima, na mama, ambaye swala hazimpiti, anaitikia amina kila akipata pumzi. Dirisha aliliacha wazi, sisi wengine tukatetemeka kwa baridi.

Kobero, mpakani, wakaanza kufungua mizigo. Afisa wa forodha alikuwa kijana mwenye adabu. Akafungua begi la mama, akatoa sufuria la sombe, yaani kisamvu, kanga, sandali, halafu akavuta kitambaa cheupe. Akavuta, akavuta. Hakiishi.

"Mama, hizi mita zote ni za biashara?"

Mi nikajibu kwa hasira, "Biashara gani? Huyu ni mugonjwa, anaenda hospitali!" Na mi mwenyewe sikujua ni kitambaa cha nini.

Mama alikuwa amekaa juu ya begi lingine. Akapumzika kwanza, halafu akasema polepole, "Mwanangu, hiyo... ni sanda yangu."

Kijana yule aliachia kitambaa kana kwamba kimemuunguza. Nikamgeukia. "Mama! Umebeba sanda? Bila kuniambia?"

"Ningekuambia... ungenikataza. Unafikiri nikuachie... kazi ya kutafuta kitambaa... katika mji wa watu?" Akamtazama afisa. "Kunja vizuri, baba. Usiigusishe chini."

Kijana akaikunja kwa mikono miwili, akafunga begi, akatupisha mbele ya foleni yote. Hakuulizia mzigo mwingine wowote.

Kobero mpaka Kahama

Upande wa Tanzania tulipata basi jingine, Maman Furaha pamoja nasi, na konda wake alikuwa mutu wa haraka. "Dakika kumi!" anapiga kelele kila kituo. Dakika kumi kwa mutu mzima ni nyingi. Kwa mama zilikuwa hatua kumi, kupumzika, hatua kumi, kupumzika. Kituo cha kwanza hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi kutoka chooni, basi likawasha. Konda ananing'inia mlangoni: "Twende, twende, abiria!"

Nilimwacha mama ameshika nguzo, nikakimbia, nikasimama mbele ya basi, mikono kwenye kioo. Dereva akapiga honi. Nikamwambia anikanyage. Konda akashuka amekunja ngumi, halafu akamwona mama pale kwenye nguzo, anakuja na hatua zake, mkono kifuani. Konda akakunjua ngumi, lakini uso ulibaki umenuna.

Baada ya Nyakanazi, injini ikachemka. Maji yalikuwa yanaruka chini ya basi. Dereva akapiga simu, akatutangazia: fundi atatoka Kahama, labda kesho. Kesho! Jumatatu yangu inanisubiri, na mama anahesabiwa siku. Nikavua shati, nikaingia chini. Bomba la rejeta lilikuwa limepasuka mwishoni. Nikakata kile kipande kibovu, nikavuta bomba, nikalifunga kwa mpira wa tairi, nikawaambia waweke maji taratibu. Muda wa saa moja tu, tukawa barabarani.

Kabla ya kupanda nilimkabidhi dereva kile kipande cha bomba kilichopasuka. Akashangaa. "Hiki cha nini, bwana?"

"Kwetu Buyenzi ndiyo desturi," nikamwambia. "Fundi akikutengenezea gari, anakupa pyesi ya zamani, kile kipuri alichokitoa, mkononi. Usipopewa, ujue hukubadilishiwa kitu. Umepigwa."

Dereva alicheka, akakiweka kwenye dashibodi. Na kuanzia hapo, kila kituo, konda mwenyewe alikuwa anamshika mama mkono. "Bibi, hatua zako. Basi ni lako hili." Ile desturi ya pyesi muishike, maana ndiyo iliyonitia aibu mbele.

Kahama mpaka Dar

Tulilala Kahama, na kesho yake Dodoma. Mama alilala amekaa, na mi nililala nikimhesabia pumzi.

Dada yangu Zaina alikuwa ametupikia sombe na ndagala, yaani dagaa, bila chumvi hata chembe, amri ya daktari. Siku ya pili sombe lilikwisha. Singida, akina mama wakaleta kuku wa kuchoma dirishani, harufu mpaka machozi. Mama akanyoosha kidole. Nikaonja kipande: chumvi tupu. Nikakirudisha.

"Unaninyima kuku," mama akasema, "na sanda niko nayo?"

Abiria walicheka, na mi nilicheka pamoja nao, halafu nikageukia dirisha nijifute uso. Nilimnunulia ndizi. Alizila bila kunitazama mpaka Manyoni.

Jumapili alasiri tukaingia Dar. Joto lile linafanana na letu, hilo halikutushangaza. Maman Furaha alitusindikiza na teksi mpaka kwenye lango la hospitali, na vitenge vyake bado hajavitafuta. Nilimshukuru, akasema, "Mi sikukuchukua we. Nilimuchukua mama."

Hospitalini

Daktari aliyetupokea alikuwa mama mmoja wa pale Dar, Daktari Neema, mpole lakini haendi mbio kwa ajili ya mutu. Jumatatu ilikuwa ya vipimo. Alimweleza mama kwamba supape mpya imetengenezwa kwa ngozi ya moyo wa ng'ombe, imeshonwa ndani ya waya.

Mama akainua mkono. "Ng'ombe kweli? Si nguruwe?"

"Ng'ombe, bibi."

"Na alichinjwa... kwa Bismillahi?"

Daktari alitazama chini, akajizuia kucheka. "Hilo, bibi, sikuuliza." Mama akafikiri. Akasema basi atasoma Bismillahi yeye mwenyewe, ikiwa inaingia.

Nilisaidiwa kuvaa vile vipira vya kusikilizia kifua. Daktari aliniwekea mahali penyewe. Fsss, fsss, ileile ya Buyenzi, lakini safari hii kubwa, inakwaruza, hata nikavivua haraka.

Jumanne asubuhi mama akaniomba msamaha. Mnajua namna yetu, mutu akisafiri au akikata roho, anawaomba watu wamsamehe. Akaniambia, "Nilikupiga sana... ulipokuwa mutoto... ukaiba mukate." Nikamwambia mama, ile mikate niliiba kweli. Akacheka bila sauti, wakamsukuma ndani.

Nikakaa kwenye benchi. Kichwani nilipiga hesabu zangu za gereji: kufungua kilasi, yaani kile kichwa cha injini, peke yake ni nusu siku. Kutoa supape, kuweka nyingine, kufunga. Nikajiambia kabla ya magharibi hawatoki. Hayakutimia masaa mawili, mlango ukafunguka. Daktari Neema anakuja na kofia yake mkononi.

Nilisimama, nikakaa tena. Nilijua amekufa. Fundi gani anamaliza kazi ya supape kwa muda wa kupika maharage?

"Tumemaliza, kaka. Mama yuko salama. Njoo umwone."

Nikaingia. Mama amelala, macho wazi, amechoka. Nikatazama kifua. Hakuna bendeji. Hakuna uzi. Ngozi yake ileile. Nikainua shuka kidogo: kwenye paja, karibu na kinena, kibandiko kimoja kidogo. Basi. Damu ilinipanda kichwani. Hawakumfungua! Tumetoka Bujumbura, tumepanda mlima ule, tumebeba sanda, halafu wamemchoma sindano ya mguu na kumrudisha kitandani!

Nilitoka nje, na hapa ndugu zangu mnisamehe, nikampigia Zaina kabla sijamuuliza mutu yeyote. Nilikuwa nalia. Nikasema, "Zaina, hawakumufungua mama. Wamemuacha hivyohivyo." Nikakata simu, nikaizima.

Kisha nikamfuata daktari kwenye korido, mbele ya watu. "Daktari, mi ni fundi. Nipe supape ya zamani."

"Unasema?"

"Kama mumebadilisha, ya zamani iko wapi? Nipe mkononi. Hata ikiwa na damu, nitaifunga kwenye gazeti."

Watu kwenye mabenchi waligeuka. Nesi mmoja aliziba mdomo. Daktari Neema hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua kwa aibu baadaye. Akasema, "Ya zamani hatukuitoa. Bado imo ndani."

"Imo ndani! Na mpya?"

"Nayo imo ndani." Akanishika kiwiko, akanirudisha kwa mama, akawasha ile mashine inayotazama moyo kwa kupakwa mafuta kifuani. Akanionyesha kwenye kioo. Walipita na mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja, wakaupandisha mpaka moyoni, na moyo unaendelea kupiga. Supape mpya ilikuwa imekunjwa ndani ya mpira. Walipofika mlangoni wakaikunjua, ikaibana ile ya zamani ukutani, ikashika hapohapo. Kesho yake, alisema, mama atasimama.

"Moyo haukuzimwa?"

"Haukuzimwa."

Injini inawaka, na supape inabadilishwa kwa kupitia eksozi! Mana weee. Nilitafuta kiti. Pale kwenye kioo niliona vijani vitatu vyembamba vinafunguka, vinafunga, vinafunguka, havikwami popote. Daktari akanipa tena vile vipira vya masikio. Nikasikiliza. Tak-tak. Tak-tak. Nikangojea ile fsss. Haikuja. Nikangojea tena.

"Na hii," akasema, "ndiyo badala ya ile unayoitaka." Akanipa kadi ndogo yenye jina la mama, na chini yake namba ya supape. Atembee nayo maisha yake yote, na akitaka kung'olewa jino aionyeshe kwanza. Namba ya pyesi! Hapo tukaelewana. Nikamwomba msamaha, akaniambia kwamba ameombwa vitu vingi, ila hicho hakijawahi.

Mama alikuwa anasikia yote. "Kumbe hawakuifukuza," akanong'ona. "Wameisogeza tu... ikae ukutani. Kama baba yako alivyonifanya... alipomuleta mke wa pili, mama yake Hawa." Sikujua kama ni ruhusa kucheka.

Nilikuwa nimemsahau Zaina. Nilipokumbuka na kuwasha simu, zilikuwa simu za avenue nzima. Zaina alielewa kwamba madaktari wamemtazama mama, wameona hafai, wamemwacha afe. Viti vilikuwa vimeshapangwa nje ya nyumba. Yasini ilikuwa inasomwa. Sufuria kubwa za msikiti zilikuwa zimeshaletwa. Nikampa mama simu.

"Zaina. Nani kakuambia... mi nimekufa?"

Kelele iliyotoka kwenye ile simu, nesi wa chumba cha pili alikuja mbio. Mama akasema tu, "Chakula kilichopikwa... mule. Dua hazitupwi." Akarudisha simu, akafunga macho. Amelala chali. Mto mmoja. Nilisimama nikimtazama, nikisubiri pumzi ikatike aamke, naye akakoroma.

Kesho yake alisimama na kutembea korido nzima bila kushika ukuta. Mi nyuma yake nimenyoosha mikono kama mutu anayefuata mutoto anayejifunza. "Acha kunifuata," akasema. "Unaniaibisha."

Kurudi

Kurudi hakuna mengi. Tulikaa Dar mpaka daktari aliporidhika, Maman Furaha akija na machungwa yake. Kwenye basi mama alikula kuku wa Singida, lakini niliomba wamchomee bila chumvi, na akanuna vilevile.

Kobero, Mungu anapanga, tulimkuta yule kijana wa forodha. Alimtambua mama kabla hajanitambua mi. Akafungua begi, akaona kile cheupe, akainua uso.

"Bado sijaitumia, baba," mama akamwambia. "Ikunje vizuri."

Kijana yule aligeuka upande, akajipangusa macho kwa mkono wa shati.

Nyumbani

Buyenzi haikuamini. Akina mama walimwingiza chumbani, wakamfungua kanga, wakatoka wanatazamana. Hakuna kovu! Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ambaye naye ni fundi wa siku nyingi, akaniuliza mbele ya watu wote, "Saidi, pyesi ya zamani iko wapi?" Nikaeleza. Nikaeleza tena. Nikatoa kadi, wakapokezana, wakaisoma namba. Baba mdogo akairudisha akasema, "Namba mutu yeyote anaandika." Na mi, niseme ukweli, moyoni kulikuwa na mahali padogo palipokubaliana naye. Mama alikuwa anatembea, ndiyo. Analala, ndiyo. Lakini saa ya chakula simu yangu ilikuwa inatoa bipi moja, kama zamani za ugonjwa, na kila bipi ilinichoma.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, nilikuwa chini ya Toyota ya mteja wa Zone Industrielle, kompresa inanguruma, nimeshika bolti iliyokataa kutoka. Nikasikia jina langu. Nilidhani ni mutu yuko hapohapo gereji. Nikageuza kichwa, sikuona miguu ya mutu. Nikanyoosha mkono, nikazima kompresa.

"We Saidi Ramazani! Wali unapoa!"

Nyumba nne. Mara moja tu, bila kupumzika katikati. Mafundi wenzangu wote waliacha vyuma. Ng'ambo ya barabara baba mdogo alisimama na spana mkononi, anatazama mlango wa mama.

Nilitaka kuitika. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka, mi ndiye niliyekosa pumzi. Nikabaki nimelala pale kwenye mafuta, machozi yanaingia masikioni. Na baadaye, nilipoweza kuitika, sikuitika. Nilinyamaza makusudi, ili akasirike, aite tena.

Akaita tena.